Chini ya Turubai

Barazani kwangu, Mtoni Kijichi, kuna kitu kimelala chini ya turubai la bluu, huu mwaka wa nane. Mgeni akikiona mara ya kwanza hushusha sauti, kama aliyeingia nyumba yenye mgonjwa. Anauliza kwa adabu, "Na hiki je?" Mama watoto hata haangalii kinachoonyeshwa. "Huyo ni mke mwenzangu," anasema, na kuendelea kumimina chai.

Ni Vespa. Ya marehemu baba. Na nikisema ukweli, si Vespa nzima. Injini iko Tandika kwa fundi, mwaka wa tatu. Kiti kiko kwa mshona viti Temeke Mwisho, ambaye kila nikimpigia simu anasema yuko msibani. Kwa hesabu yangu ukoo wake umeshakwisha. Taa ya mbele iko kabatini, imeviringishwa kwenye kanga ambayo mama watoto anaitafuta tangu Idi ya mwaka juzi. Kilichobaki barazani ni bodi, usukani na magurudumu mawili, moja halina upepo. Nimeona mirathi yenye warithi waliotawanyika kuanzia Tunduru hadi Musoma, wakakusanywa ndani ya wiki mbili. Vipande vyangu vyote viko wilaya moja na bado havijakutana.

Kinachonikera si Vespa. Kinachonikera ni watu. Mji huu kila aliyewahi kupanda pikipiki, hata kwa mshikaki, kabanwa katikati ya dereva na mwenye kuku, ana maoni juu ya ipi ni pikipiki na ipi ni takataka. Ukiwa na mgonjwa ndani watu watakuonea huruma. Ukiwa na Vespa isiyowaka watakupa ushauri.

Ushauri unaanzia kona ya kwetu, kwenye kijiwe cha bodaboda chini ya mwarobaini. Pale dini ni Boxer. Kuna kijana mmoja mrefu anayeendesha ya mkataba, yaani anapeleka hesabu kwa bosi kila siku hadi muda uishe chombo kiwe chake. Huniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mzee," na kabla sijamaliza marahaba ameshaanza mahubiri. Pikipiki ni kazi, mzee. Boxer ukiiangusha unanyanyuka nayo. Spea zake utazikuta mpaka kwenye duka la dawa za panya. Mafuta inanusa tu, hainywi. Inabeba gunia la mkaa, mwenye mkaa na mtoto wa mwenye mkaa. "Sasa ile ya kwako, mzee, inabeba nini?" Inabeba turubai, anajijibu mwenyewe, na kijiwe kizima kinaangua kicheko.

Ningeukubali uchumi huu kama mhubiri mwenyewe angeufuata. Boxer yake hiyo ya kazi, nailoni ya dukani bado iko kwenye tenki, imeshakuwa ya njano kama kucha za mvuta sigara, lakini haitolewi. Kiti kimevalishwa jezi, nyekundu na nyeupe, ili abiria wa Yanga akae akijua amekalia nini. Kwenye usukani ananing'iniza manyoya. Nyuma kwenye mpira wa kuzuia tope ameandikisha MAMA NISAMEHE, na sijathubutu kuuliza amefanya nini. Usiku ikiwashwa ina taa nyingi za kijani, bluu na zambarau kuliko duka la simu, na spika mbili zinazopiga singeli mpaka mama wa vitumbua anakosa kuhesabu chenji. Siku moja nilimuuliza, "Haya manyoya yanabeba gunia gani?" Akanitazama kama nimemtukana mama yake, yule aliyeombwa msamaha.

Na wao kwa wao hawaelewani. Mwenye Boxer na mwenye TVS wanaweza kula chipsi mayai sahani moja, lakini ukitaja injini mmoja atasogeza kiti. Pembeni yao anakaa mzee mwenzangu, dereva wa zamani, anayeamini kwamba pikipiki ya mwisho kutengenezwa duniani ilikuwa Honda CG 125, na hizi nyingine zote ni masufuria yaliyofungwa cheni. Yeye huanza kila sentensi na "Enzi za Mjapani." Tulikuwa tukiziita tukutuku, anasema, kabla hamjaziita pikipiki. Nadhani kila kizazi kilisikiliza injini yake kikaandika inavyosema. Mwanangu wa pili yeye ananishawishi ninunue ya umeme, ile unaichaji usiku kama simu, haina moshi wala mlio. Nikamwambia chombo kisichosema tuku wala piki tutakiitaje? Akasema, "Baba, tutakiita kimefika."

Zamani hatukuwa na ubishi huu kwa sababu pikipiki ilikuwa cheo. Ukiisikia kijijini ujue ni bwana shamba na Yamaha AG yenye keria mbele na nyuma, au padri, au mtu wa mradi mwenye namba za wafadhili. Wachina walipoleta za kwao kwa wingi miaka ya 2000, bei ikashuka, na kila kijana aliyemaliza shule akaanza kuota magurudumu mawili. Neno bodaboda lenyewe lilitufikia kutoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako mwanzoni waliwavusha watu kwa baiskeli. Serikali ilikuja kutoa kanuni za leseni za biashara hiyo mwaka 2010, wakati mimi nimeshapanda mara mia na kuvaa kofia ngumu iliyonuka vichwa vya kata nzima. Kwa hiyo sibezi. Bodaboda imenivusha mafuriko ya Mtoni, imenipeleka hospitali usiku wa manane. Nasema tu kwamba anayependa Boxer kwa manyoya asinicheke mimi ninayependa Vespa kwa turubai.

Upande wa pili wa mji, Kinondoni, huko Boko, ninaye shemeji, kaka wa mama watoto. Yeye ana BMW. Si gari, pikipiki, ndefu kwenda juu kama ngamia, ina masanduku ya bati ubavuni. Inalala sebuleni chini ya feni. Watoto wake wanalala chumba cha nyuma kisicho na feni. Jumapili asubuhi anavaa jaketi la ngozi, suruali yenye pedi za magoti na mabuti ya zimamoto, katika joto la Februari ambalo hata mbuzi wanatafuta ukuta, halafu yeye na wenzake kumi wanaunguruma Barabara ya Bagamoyo, Bunju, Mapinga, mpaka Bagamoyo kwenyewe. Wanakula samaki. Wanarudi. Nikamuuliza, "Shemeji, mlifuata nini?" Akasema samaki. Samaki anauzwa Kunduchi, jirani na kwake, ungeweza kumfuata kwa kandambili.

"Shemeji," akaniambia, ameshika kofia kwapani kama rubani, "si kufika. Ni kwenda."

Basi mimi nimemzidi. Mimi sifiki wala siendi.

Bei ya ngamia yule sijaambiwa. Mama watoto anaijua, ndiyo maana haniambii. Ila kuna jambo moja linanifanya nimvumilie yule bwana: akija kwangu hufunua turubai. Yeye peke yake. Anachuchumaa, anapitisha kidole kwenye mkunjo wa bati pale ngao ya mbele inapoteremka kuwa sakafu ya miguu, ananong'ona, "Bati moja hili, shemeji. Halina fremu. Bodi yenyewe ndiyo fremu." Halafu anajaribu kufungua kile kisanduku cha kwenye shavu la kushoto, kinagoma. Ufunguo wake ulipotea baba alipofariki. Namwambia kila mara, na kila mara anajaribu.

Baba alikuwa bwana afya. Vespa aliinunua kwa Mhindi mmoja wa Upanga baada ya nyumba za kupangisha kutaifishwa mwaka 1971, wakati wengi wao walikuwa wanauza vyombo na kuondoka. Akawa anaizungukia Temeke nzima akikagua mahoteli, akichungulia masufuria ya watu. Wenye migahawa waliujua mlio wake toka mbali na kuanza kufukuza nzi. Lakini siku ya Vespa ilikuwa Ijumaa. Pikipiki ya kawaida unaipanda kama farasi, unarusha mguu, na mwenye kanzu akirusha mguu anakuwa amemaliza heshima yake. Vespa unaikalia kama kiti, magoti pamoja, sakafu chini ya viatu, ngao mbele inakinga tope, injini imefunikwa haikurushii oili. Baba alifika msikitini kanzu ikiwa kama ilivyotoka kwenye pasi. Nikiwa mdogo nilisimama mbele yake pale sakafuni, nimeshika usukani, nikiamini ninaendesha mimi.

Aliyeibuni hakuwahi kufikiria kanzu. Corradino D'Ascanio alikuwa mhandisi wa ndege, na pikipiki alikuwa hazipendi hata kidogo. Aliziona chafu, ngumu kupanda, na ukipata pancha ni balaa. Ndiyo maana mtu huyu namheshimu. Dunia imejaa wapenda pikipiki, na iliyo nzuri kuliko zote imetengenezwa na aliyezichukia. Ilikuwa mwaka 1946, mjini Pontedera, Italia, kwenye kiwanda cha Piaggio kilichounda ndege na kupigwa mabomu vitani. Akaificha injini nyuma chini ya shavu, akaweka gia kwenye usukani, akalishika gurudumu la mbele kwa upande mmoja tu kama tairi la ndege, ili ukipasukiwa ufungue nati, ubadilishe, uende zako. Bosi wake, Enrico Piaggio, alipoiona ilivyo na kiuno chembamba na makalio mapana akasema inafanana na nyigu. Nyigu kwa Kitaliano ndiyo vespa.

Mwaka 1948 wakatoa ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, wakaiita Ape, maana yake nyuki. Kampuni ya Bajaj ya India ikachukua leseni, ikawa inaunda nyigu na nyuki hao kwao miaka yote ya 1960. Leseni ilipokwisha 1971 wakaendelea na za kwao wenyewe. Kwa hiyo ile Bajaji inayokuzibia njia pale Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni ni mjukuu wa nyuki. Na Boxer ya kijana mhubiri imetoka nyumba hiyo hiyo ya Bajaj. Nilipoligundua hili sikulala. Alfajiri nilikwenda kijiweni nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, nikamalizia kwa ushindi: "Kwa hiyo unayemcheka ni bibi yako!"

Akafikiri kidogo. "Basi mzee," akasema, "bibi apumzike."

Mtasema mbona sasa haitembei. Ilitembea. Niseme yaliyotokea, maana kijiweni yanasimuliwa kwa kuongezwa chumvi.

Baba alipofariki niliirithi ikiwa inawaka. Inawashwa kwa kiki. Vijana wa siku hizi kiki kwao ni kutafuta umaarufu mitandaoni. Enzi za baba kiki ilikuwa kazi ya mguu. Nikapiga kiki asubuhi moja ya Jumamosi, ya kwanza, ya nane, ya kumi na tano, ikakohoa, ikashika. Sasa injini ile haina oili yake ya pembeni. Oili unaichanganya na petroli, kipimo maalumu, na ndiyo hiyo inayolainisha kila kitu ndani. Baba alikuwa na kikopo chake cha kupimia. Mimi nilimimina kwa imani. Moshi uliotoka ulikuwa mweupe, mzito, wa heshima. Ukatanda uchochoro mzima. Nikaona majirani wanafunga madirisha, mama mmoja anakimbia kufunika maji, watoto wanashangilia wakiufuata nyuma. Walidhani manispaa imeleta dawa ya mbu.

Fedheha ile iliniuma. Wiki iliyofuata nikajifanya mjanja. Nilipojaza mafuta kituoni nilimwambia kijana wa pampu aweke petroli tupu, nikatia oili kijiko tu, kama mtu anayepunguza chumvi kwa ushauri wa daktari. Ah! Moshi hakuna. Mlio mwembamba, mtamu. Ninashuka Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, upepo kifuani, chombo kimeinama kidogo kulia kwa sababu injini yote iko upande huo, na mimi nimeinama kidogo kushoto kuipa heshima. Watu wananipungia. Mzee mmoja mwenye baiskeli ya maji alinipigia saluti. Nilikuwa nawaza nikifika Rangi Tatu nizunguke mara mbili ili wanione vizuri.

Sikufika. Karibu na Zakhem ilitoa mlio kama mtu aliyekanyaga kigae, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, nikateleza nalo hatua kadhaa kama nimepanda jokofu. Pistoni ilikuwa imenasa ndani ya bloku. Nilikuwa nimeinyima mafuta ya kulainisha kwa ajili ya majirani ambao hata hawanichangii umeme wa barazani. Nikarudi nyumbani nimekaa kwenye guta, mimi, Vespa na matenga matupu ya nyanya, tukipitia kijiweni, maana njia nyingine hakuna. Hakuna aliyecheka. Walisimama wote wakavua kofia.

Hapo ndipo turubai lilipoingia kwenye maisha yangu. Likakaa miaka mitano ya kwanza mimi nikisema nitaipeleka. Mwaka wa sita nikaipeleka, yaani injini. Fundi wa Tandika ni mzee wa makamo, mikono yake ukiitazama unajua haijawahi kuwa safi tangu Muungano. Aliifungua mbele yangu juu ya gunia, akaitoa pistoni akanipa niishike. Upande mmoja ilikuwa imechubuka mistari mirefu ya kijivu, kama kucha za paka kwenye mlango. Akaipitisha kidole gumba, akaguna. "Bosi," akasema, "hii uliiua kwa mikono yako." Bloku lichongwe, akaeleza, halafu itafutwe pistoni ya saizi ya juu yake, ringi zake, na sili mbili. Kwake kazi ni siku tatu. Kutafuta, ni mimi.

Nimetafuta. Gerezani nimezunguka maduka mpaka wauza spea wananikaribisha kwa kahawa. Ukisema Vespa kijana wa kaunta anamwita mwenzake, mwenzake anamwita mzee aliyelala nyuma ya matairi, mzee anaamka, anasema "Zilikuwepo," na kulala tena. Nikaambiwa Zanzibar. Kweli, Unguja Vespa si kumbukumbu, ni usafiri. Mtu anakwenda nayo sokoni, ukiisifia anakushangaa kama umesifia ndara zake. Nikamtuma mpwa wangu na boti, na nauli, na picha ya pistoni kwenye simu, na vipimo kwenye karatasi. Akarudi na pistoni nzuri, mpya, inang'aa. Ya Vespa nyingine. Na kilo mbili za karafuu.

Katikati ya hayo akaja mnunuzi. Kijana nadhifu, ana mgahawa wa kahawa huko mjini, alisikia habari zangu. Akaizunguka mara mbili, hakuuliza injini. Nilipomwambia haipo alifurahi. "Bora zaidi, mzee, tutainyanyua kirahisi." Alitaka kuitundika ukutani! Chombo kilichompeleka baba yangu kuswali kikae juu ya vichwa vya watu wanaokunywa kahawa yenye povu. Hata hivyo alitaja kiasi cha fedha ambacho, sitaki kusema uongo, nilikaa chini. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia marehemu, mama watoto akatoka ndani na mwiko mkononi. "Haiuzwi," akasema. Hivyo tu. Kijana akaondoka.

Niliguswa. Miaka yote ya mke mwenzangu, kumbe anaipenda. Na haikuwa mara ya kwanza. Fundi wa bodi aliposema ipelekwe Tandika ikapigwe rangi, ni yeye aliyekataa, akasema rangi ipigwe hapa hapa au isipigwe. Nikawa namwangalia usiku amelala, nawaza, kuna wanawake.

Tatizo lake mama watoto ni kwamba kwenye pikipiki hana hisia kabisa. Anauza vitenge na mashuka Mbagala. Asubuhi bodaboda na mzigo, jioni bodaboda na mzigo, na kila nauli imeandikwa kwenye daftari la mistari. Alikuwa ananisomea jumla mwisho wa mwezi, baada ya kula, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Alitaka skuta. Si Vespa, skuta, ya mtumba ya Kijapani, unabonyeza kitufe inawaka, haina klachi, haina gia, ina sehemu ya kuweka mzigo miguuni na kisanduku chini ya kiti. Nikamwambia haina roho. Akaniuliza roho inabeba marobota mangapi.

Nikajaribu kumweleza juu ya ladha. Nikakosea nikatoa mfano wa Honda Super Cub, ile ndogo iliyotoka Japani mwaka 1958, iliyoundwa isiwe na klachi ya mkono ili mpeleka tambi aendeshe kwa mkono mmoja, wa pili umeshika sinia. Kufikia 2017 walikuwa wameshaunda milioni 100, hakuna chombo cha injini duniani kilichoundwa kwa wingi kama huo, na bado, nikasema, hujamwona mtu ameweka picha yake ukutani. Mama watoto alikuwa anakunja kitenge. "Milioni mia," akasema. "Na ya baba yako?" Sikuwa na takwimu za karibu.

Mwezi uliopita, Jumanne, nimekaa barazani nasugua taa ya mbele kwa dawa ya meno, nikasikia kitu kinaingia uani kwa sauti ya cherehani. Skuta nyekundu. Juu yake mama watoto, kofia ngumu juu ya ushungi, mwalimu wa kuendesha anakimbia nyuma akihema. Ana namba za MC, ana bima, ana leseni ya pikipiki. Alikuwa anajifunza tangu Juni kwenye uwanja wa shule, jioni, siku ambazo mimi nilijua yuko kwenye kikoba.

Nikauliza swali ambalo mume yeyote angeuliza. Hela imetoka wapi?

Aliniita kwa jina la mwanetu wa kwanza, jambo analolifanya akiwa ameshamaliza kuamua. Akavua kofia. Akaenda kwenye turubai, akalifunua upande wa kushoto, akatoa shada lake la funguo, ule wa stoo, wa kabati, wa banda la kuku, na mmoja mdogo wa shaba niliokuwa sijauona tangu nikiwa na kaptula. Kisanduku cha shavu kikafunguka kimyaa, hata hakikulia, maana kilikuwa kimepakwa mafuta. Mafuta! Ndani kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, daftari la mistari, na mafungu ya noti yaliyofungwa mpira.

"Baba alinipa mimi ufunguo," akasema, "wiki ile ya mwisho hospitali. Aliniambia wewe utaitunza hii Vespa lakini hutaigusa."

Miaka mitatu. Nauli za bodaboda alizozisoma kwenye daftari nusu alizitembea kwa miguu, na nusu ile iliingia shavuni. Wezi walipita kwetu mara mbili, wakachukua televisheni na kuku. Nani afunue mkweche wa marehemu? Na mimi, niliyewasimulia watu wa wilaya mbili kuhusu Corradino D'Ascanio, sikuwahi hata kuliinua turubai upande ule. Vijana wakimwona mwenzao kapata bahati husema amepata shavu. Basi mama watoto alilipata, la kushoto.

Jumamosi iliyopita alinipakia mpaka Gerezani, kuna mtu alipiga simu kasema ana pistoni. Siendeshi mimi, bima, anasema, ina jina lake. Nilikaa nyuma, nimeshika begi lenye ile pistoni ya karafuu kwa ajili ya kulinganisha. Pale kijiweni yule kijana mrefu alisimama kwenye kiti chenye jezi akapiga kelele, "Mama, mfunge kamba huyo mzee!" na manyoya yake yakapepea. Tukaingia Barabara ya Kilwa. Skuta haikuinama kulia wala kushoto. Mwendokasi likatupita, mama watoto hakutetereka. Karibu na Sabasaba nikaona nafasi nzuri, nikamsogelea sikio, nikamwambia kwa upole kwamba mambo yakiwa hivi, skuta imeshapatikana, ule ufunguo mdogo sasa anirudishie, niweke humo spana za Vespa.

"Shika vizuri," akasema bila kugeuka. "Humo kuna ada ya Januari."